Udongo wa Kichuguu na Mwandiko wa Sumeri: Tathmini ya Masomo ya Jumamosi Lubumbashi

Kituo cha kusomea kilichoandaa masomo haya kimo katika komini ya Kamalondo, ndani ya nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo zamani ilikuwa duka. Ni chumba kimoja kikubwa chenye viti vya plastiki, ubao mweusi, rafu tatu za vitabu na mlango unaofunguka moja kwa moja barabarani, hivyo sauti za wauza mikate ziliingia darasani pamoja na vumbi. Masomo yalikuwa manne, kila moja la saa tatu, siku za Jumamosi kuanzia saa nane mchana, na ada yake ilikuwa faranga 40,000 kwa mtu mzima na nusu ya hiyo kwa mwanafunzi. Nililipa ada kamili na nikahudhuria siku zote nne. Ninaandika kwa sababu watu kadhaa wa mtaani wameniuliza kama habari za Wasumeri, watu wa kusini mwa Iraki ya leo waliokwisha kutoweka miaka 4,000 iliyopita, zinastahili fedha hizo. Jibu langu ni kwamba zinastahili, na sababu kubwa ni somo la kwanza na la pili. La tatu lilinikera, na la nne linahitaji kupangwa upya.

Ni haki msomaji ajue ninatazama kwa jicho gani. Kwa miaka 14 nimekuwa karani wa depo ya unga na saruji. Kazi yangu ni kuandika kilichoingia, kilichotoka, aliyechukua kwa mkopo na siku aliyoahidi kulipa. Nilikwenda Kamalondo nikitarajia wafalme na minara, mambo ninayoyakumbuka kwa mbali kutoka sekondari, wala sikutegemea kwamba saa ya kwanza ingehusu daftari langu.

Mwalimu wa somo la kwanza hakuanza na ramani. Alimwaga mezani vipande vidogo vya udongo mkavu, vingine vya mviringo kama gololi, vingine vya umbo la pia, vingine bapa kama sarafu, kisha akamgeukia mama mmoja anayeuza mahindi sokoni. "Mama, ukimkopesha jirani makopo matano ya mahindi, na daftari huna, utakumbukaje?" Mama hakusita. "Naweka mawe matano kwenye kikopo, Mwalimu. Akileta moja, natoa moja." Mwalimu akasema hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa maelfu ya miaka katika nchi zile za Mashariki ya Kati: kipande kimoja kwa kipimo kimoja cha nafaka, kingine kwa kondoo, kingine kwa mtungi wa mafuta. Baadaye watu wakavifungia vipande hivyo ndani ya donge la udongo lenye uwazi katikati, wakaligonga muhuri kwa nje ili asiwepo wa kupunguza wala kuongeza. Kwa kuwa donge likifungwa huoni tena kilichomo, walivikandamiza vipande juu yake kwanza, vikaacha alama. Na alama zikisomeka kwa nje, vipande vya ndani vina kazi gani tena? Hapo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi, ndipo donge lilipogeuka kuwa bamba, na alama zikaanza safari ya kuwa maandishi.

Mabamba ya kale kuliko yote yamechimbwa Uruk, mji wa kusini mwa Iraki ya leo ambao Biblia yetu inauita Ereku, nayo ni ya karne za mwisho kabla ya mwaka 3000 KK. Sehemu kubwa sana ya mabamba hayo ni hesabu: shayiri, kondoo, pombe, nguo, watu wa kazi. Mengine machache ni orodha za maneno ambazo wanafunzi walizinakili. Sala hazimo, wala sifa za mfalme, wala hadithi. Hayo yote yalikuja karne nyingi baadaye. Mwalimu alitugawia picha ya bamba moja lenye hesabu ya shayiri ya vipimo 29,086 kwa miezi 37, na pembeni alama mbili zinazosomwa Kushim. Haijulikani kama Kushim alikuwa mtu au cheo, lakini alama hizo zinajirudia kwenye mabamba mengine ya shayiri na pombe. Niliitazama picha hiyo kwa muda mrefu kuliko wenzangu. Nimeandika jumla za namna hiyo kila mwisho wa mwezi kwa miaka 14, na sikuwahi kudhani kwamba mmoja wa watu wa kwanza duniani ambao huenda majina yao yaliandikwa alikuwa mtu wa ghala.

Saa ya mwisho ya siku hiyo ilikuwa ya vitendo. Udongo ulitoka kwenye kichuguu, ule ule ambao wafyatuaji wa matofali wa hapa kwetu huuchimba, ukiwa umechekechwa na kukandwa mpaka ukawa laini kama unga wa maandazi. Kalamu zilikuwa matete yaliyokatwa ncha kwa mshazari. Siri ya mwandiko wa Kisumeri ni kwamba tete haliburutwi. Ukiliburuta, udongo hujikunja mbele ya ncha na kuacha makovu. Unalilaza kidogo, unakandamiza pembe yake, unainua. Inabaki alama yenye kichwa cha pembetatu na mkia mwembamba, kabari kamili, na ndiyo maana mwandiko huo unaitwa wa kabari. Tulijifunza alama ya shayiri, ambayo mwanzoni ilikuwa picha ya shuke, na alama ya kula, ambayo ni kichwa cha mtu kikiwa na bakuli mdomoni. Bakuli hilo si pambo, kwa kuwa mabakuli ya udongo ya aina moja, yaliyotengenezwa kwa haraka na kwa wingi mno, yamekutwa kwa maelfu Uruk na miji jirani, na wengi wanaamini kwamba yalitumika kupimia posho ya chakula cha wafanyakazi. Mimi niliandika magunia 12. Nilikandamiza kwa nguvu mno mpaka upande wa pili wa bamba ukavimba, na mwalimu akanionyesha kulishika kwenye kiganja badala ya kuliweka mezani, kama walivyofanya makarani wa huko.

Kasoro za siku hiyo zilikuwa za maandalizi. Matete yalikuwa machache, tete moja kwa watu watatu, na beseni la maji ya kunawa lilikuwa moja kwa watu 26. Hayo yanarekebishika kwa gharama ndogo.

Somo la pili lilihusu lugha na watu wenyewe, na ningelipa ada yote kwa ajili yake peke yake. Kisumeri hakina lugha ndugu inayojulikana, wala ya Kisemiti kama Kiakadi cha majirani zao, wala ya mahali pengine. Hata hivyo msemaji wa Kiswahili anakuta humo mambo ya nyumbani. Kitenzi chake hujengwa kwa kupanga viambishi kabla ya mzizi na vingine baada yake, mpaka neno moja likabeba mtenda, mtendwa na anayetendewa, kama sisi tunavyosema "nimekuandikia" tukawa tumemaliza. Nomino zake ziligawanyika katika makundi mawili, la watu na miungu upande mmoja na la vitu na wanyama upande wa pili, na mwenye ngeli zaidi ya kumi hashangai. Mwalimu alituonya mara mbili kwamba kufanana huko si undugu, na alifanya vizuri, kwa sababu tayari kijana mmoja nyuma alikuwa ameanza kutangaza kwamba Wasumeri walikuwa Wabantu.

Kisha akaandika ubaoni maneno mawili: e, yaani nyumba, na gal, yaani kubwa. Egal, nyumba kubwa, ndivyo Wasumeri walivyoliita jumba la mfalme. Waakadi walilichukua neno hilo wakalitamka ekallu. Kutoka kwao likaingia katika lugha nyingine za Kisemiti, Kiebrania na Kiaramu zikiwemo, likawa jina la jumba la mfalme na vilevile la nyumba ya Mungu. Waarabu wakasema haikal. Nasi Waswahili tukalipokea na kuliita hekalu. Darasa lilinyamaza kabisa. Nimelitamka neno hilo kanisani tangu utotoni, na sehemu zake mbili zilikuwa zimekaa kinywani mwangu bila mimi kuzijua. Mfalme naye aliitwa lugal, mtu mkubwa, kwa mpango ule ule tunaoutumia kazini tunapomwita bosi "mkubwa".

Neno la tatu lilikuwa ama, yaani mama, nalo likatufikisha kwenye madeni. Mkulima aliyekopa shayiri kabla ya mavuno alilipa riba kubwa. Katika nyakati za dola ya mwisho ya Uru, mji mwingine wa Sumeri tofauti na Uruk, takriban miaka ya 2112 hadi 2004 KK, riba ya kawaida ya mkopo wa shayiri ilikuwa theluthi moja, na ya mkopo wa fedha sehemu moja ya tano. Aliyeshindwa kulipa aliweza kumtoa mtoto wake, mkewe, au yeye mwenyewe kwenda kufanya kazi kwa mdai. Kwa hiyo watawala fulani walikuwa wakitangaza kufutwa kwa madeni ya namna hiyo. Enmetena, mtawala wa Lagash mnamo mwaka 2400 KK, aliandika kwamba alimrudisha mtoto kwa mama yake na mama kwa mtoto wake, na neno alilolitumia ni amagi, kurudi kwa mama. Wafasiri huliandika uhuru. Mimi ninayefunga daftari la madeni kila Jumamosi kabla ya kwenda nyumbani ninaona kwamba tafsiri ya neno kwa neno inaeleza zaidi, kwa kuwa inamwonyesha mtoto akiwa njiani.

Hapo hapo mwalimu hakutuacha tufikiri kwamba nchi ile ilikuwa ya huruma. Aliandika alama ya mjakazi: alama ya mwanamke, na kando yake alama ya mlima. Sumeri ni tambarare ya matope kati ya mito ya Hidekeli na Frati, haina mlima. Mlima ulimaanisha nchi ya kigeni, mahali ambapo watu walitekwa. Alama mbili, na ndani yake mna vita, safari na kazi ya maisha yote. Katika karakana za kufuma nguo za jimbo la Lagash wakati wa dola hiyo ya Uru, wanawake wa kazi walihesabika kwa maelfu, na posho ya kawaida ya mwanamke ilikuwa sila 30 za shayiri kwa mwezi wakati mwanamume alipata 60, sila moja ikikaribia lita moja. Mama wa mahindi aliuliza kama mwenye watoto aliongezewa. Alijibiwa kwamba watoto waliandikiwa posho yao ndogo, kwa kufuata umri. "Basi karani aliwajua watoto kwa umri," akasema, na akaandika jambo hilo kwenye daftari lake.

Ningependa kusema kwamba kiwango kilibaki hapo. Somo la tatu lilitolewa na mgeni, kuhusu miungu na wafalme, na sehemu yake ya kwanza ilikuwa nzuri ya kutosha: Enki wa maji matamu na hekima, Nanna wa mwezi na mji wake wa Uru, Inanna wa Uruk aliyekuwa wa mapenzi na vita pamoja, na Enheduanna, binti wa Sargoni wa Akadi, kuhani mkuu wa Nanna mnamo mwaka 2300 KK, ambaye tenzi za Kisumeri zilizoandikwa kwa jina lake zinamfanya mtunzi wa kwanza tunayemjua kwa jina. Kisha zikaja picha za makaburi ya Uru yaliyochimbwa na Leonard Woolley kati ya mwaka 1922 na 1934: dhahabu, mawe ya buluu yaliyotoka Afghanistani, kinubi chenye kichwa cha fahali. Kaburi moja lilikuwa na maiti za watu 74 waliozikwa kumfuata bwana wao, 68 kati yao wanawake, wengi wakiwa na mapambo ya kichwani. Mgeni aliwataja kwa sentensi moja, akarudi kwenye dhahabu. Umeme ulipokatika na picha zikazimika, nilitumaini tutaongea juu ya wale wanawake. Badala yake alitumia dakika 20 za giza kutueleza kwamba huenda mnara wa Uru haukujengwa na Wasumeri, bali na viumbe walioshuka kutoka kwenye nyota, na kwamba miungu yao iliyoitwa Anunaki ndiyo ushahidi.

Hilo sikulipenda, na nilimwambia kwa heshima mbele ya wote. Mnara wa Uru ulijengwa na mfalme Ur-Namu katika karne ya 21 KK. Msingi wake una urefu wa mita zipatazo 64 na upana wa mita kama 45. Kiini chake ni matofali mabichi yaliyokaushwa juani, na ganda lake la nje ni matofali ya kuchoma yaliyoshikizwa kwa lami ya asili. Kuta zake zina matundu ya kutolea unyevu ili kiini kisivimbe na kupasua ganda, na matofali mengi yana muhuri wa jina la mfalme. Katika darasa lile walikaa wafyatuaji matofali wawili. Wanajua tofali bichi linavyoharibiwa na mvua, wanajua kwa nini ukuta unahitaji ganda gumu, na hawahitaji nyota kueleza lolote katika hayo. Tena sisi, katika bara hili, tunapaswa kuwa wa mwisho kuyapokea maneno ya aina hiyo, kwa sababu ndiyo waliyoyasema wakoloni kuhusu Zimbabwe Kuu, kwamba kuta zile ni kazi ya Wafoinike au wageni wengine, ilhali waliozijenga ni wahenga wa Washona. Anayemnyang'anya mjenzi wa Uru tofali lake amejifunza kufanya hivyo kwa mjenzi yeyote. Waandaaji walinisikiliza, na mmoja wao aliniahidi kwamba sehemu hiyo haitarudi. Nawaomba watimize.

Somo la nne lilibanwa. Biashara, sheria, pombe na kuanguka kwa Uru viliwekwa katika saa tatu, na kila kimoja kilikatwa kikiwa kimeanza kunoga. Kwa sisi wa mji uliozaliwa na shaba, ambao tanuri lake la kwanza liliwaka mwaka 1911, biashara ilistahili siku nzima. Sumeri haikuwa na shaba, haikuwa na mawe ya maana wala mbao ndefu. Ilikuwa na udongo, matete, shayiri na sufu. Shaba yake ilitoka Magani, ambayo ni Omani ya leo, na wakati mwingine ilipitia Dilmuni, upande wa Bahareni, kwa mashua. Kwa hiyo jembe la shaba kwao lilikuwa mzigo wa bahari, ilhali sisi huku, katika karne za baadaye sana, tulikuwa na shaba nyingi kiasi cha kuimimina katika misalaba iliyotumika kama fedha na kuzikwa pamoja na wafu katika bonde la Upemba. Mlinganisho huo haukutajwa darasani. Ningeufanya kuwa mwanzo wa somo.

Zaidi ya hayo, barua maarufu ya mteja aliyeitwa Nanni kwa mfanyabiashara Ea-nasiri, ambamo Nanni analalamika kwamba ameletewa shaba mbovu na mjumbe wake amedharauliwa, ilisomwa kwetu kama barua ya Wasumeri. Ilikutwa Uru, ni kweli, na mfanyabiashara yeyote wa hapa angeweza kuiandika jana, lakini ni ya mnamo mwaka 1750 KK, imeandikwa kwa Kiakadi, na wakati huo Kisumeri kilikuwa kimebaki lugha ya shule na ibada. Kosa dogo, ila linawachanganya watu waliokuja kujifunza nani ni nani. Vivyo hivyo mji wa Uru na mji wa Uruk vilitajwa kwa haraka mpaka jirani yangu akaviandika kama mji mmoja. Ramani moja ukutani ingetosha.

Sheria za Ur-Namu zilipewa robo saa. Ni mkusanyo wa sheria wa kale zaidi uliotufikia, na katika sheria zile aliyemng'oa mwenzake jicho alilipa fedha ya uzito wa nusu mina, kipimo chao cha uzito. Halikung'olewa jicho lake. Katika utangulizi mfalme anajisifu kwamba hakumwacha yatima mikononi mwa tajiri wala mwenye shekeli moja mikononi mwa mwenye mina moja, na mina moja ni shekeli 60. Hizo 60 ni zao pia katika saa zetu, kwani hesabu yao ilikwenda kwa makundi ya 60, na dakika zetu bado zinawafuata.

Kuhusu huduma yenyewe: maelezo yote yalitolewa kwa Kiswahili safi na maswali yalijibiwa kwa subira, lakini karatasi tulizopewa zilikuwa za Kifaransa tupu, na mama wa mahindi alilazimika kuzipeleka nyumbani zisomwe na mwanawe. Kituo kinachofundisha kwa Kiswahili kiandike pia kwa Kiswahili. Chai na maandazi vilikuwemo katika ada. Mahali pa pikipiki ni padogo, afadhali kufika mapema. Watoto wa miaka 10 na kuendelea wanaweza kuyafuata masomo mawili ya mwanzo bila shida. Kaburi la watu 74 ningewaepusha nalo.

Kituo kinapokea majina kwa awamu ya pili, na mtu anaweza kulipia somo moja moja kwa faranga 12,000. Mwenye fedha kidogo alipie la kwanza na la pili. Binti yangu nimemwandikisha yote mawili, na bamba langu la magunia 12 linakwenda naye Kamalondo, kwa sababu limepasuka pembeni lilipokauka na anataka kumuuliza mwalimu kama makarani wa Uruk walichanganya kitu katika udongo wao.